Vitabu vizuri mno, makaribisho ya hovyo

Mnaoniuliza kama yale maonyesho ya vitabu vilivyotengenezwa kwa mkono hapa Dar yanafaa, jibu langu tangu nilipotoka pale ni moja: msiende. Hasira bado ninayo, kwa hiyo nisomeni mkilijua hilo.

Nilimpeleka shangazi yangu. Yeye ni mtu wa kisomo chenye manufaa, yale madarasa ya watu wazima ya kujifunza kusoma na kuandika, mmoja wa wale walioingia darasani na watoto mgongoni baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vijana hawajui hali ilivyokuwa. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Niliposikia kuna wasanii wameshona vitabu kutokana na barua, picha na madaftari ya nyumbani kwao, nikasema wa kwenda naye ni shangazi.

Na kitabu cha kumgusa kilikuwepo. Msanii amekitengeneza kutokana na daftari la kisomo la mama yake mzazi. Jalada ni khanga iliyopauka, imegandishwa juu ya ubao mwembamba kwa gundi ya unga. Uzi umepakwa nta na mishono imelingana mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimejalidi vitabu vya hesabu vya maofisini kwa miaka mingi, kazi ya mkono uliotulia naijua nikiiona. Ndani hakuna kurasa za kawaida, ni karatasi moja ndefu iliyokunjwa mara nyingi. Siku hiyo ilikuwa imefunuliwa mkunjo wa kwanza tu: stakabadhi ya pamba, na chini yake dole gumba la wino wa zambarau.

Shangazi aliinama akaliangalia lile dole muda mrefu. "Hata mimi nilikuwa naweka dole," akasema. Kisha akamgeukia binti aliyekuwa analinda meza, amevaa glavu nyeupe, akamwomba kwa upole amfunulie mbele.

Yule binti hakumwamkia. Shikamoo yenyewe hakutoa! Alisema, "Bibi, hapa hatusomi, tunaangalia."

Nimeyarudia maneno haya kichwani mpaka nimechoka. Unamwambiaje hivyo mtu aliyejifunza kusoma usiku kwa mwanga wa kibatari, mbele ya kitabu kinachoeleza jambo hilohilo? Mtunzi amekaa na sindano miezi mingapi ili mtu avute karatasi na kuona kinachofuata, halafu nyinyi mnatuachia dole gumba peke yake!

Na glavu zenyewe si hoja. Maktaba kubwa kama British Library hushauri kushika karatasi za kale kwa mikono safi na mikavu, kwa sababu glavu huvipunguzia vidole hisia na karatasi huchanika kirahisi. Kama shida ni vidole vya watu, wekeni beseni la maji, sabuni na taulo.

Lakini sikuwa nimeona yote. Shangazi alishatoka kukaa kibarazani pale walipoingia wageni waliovaa vitambulisho shingoni, nadhani ni wafadhili. Binti yuleyule akavua glavu, akakifunua kitabu chote, akakitandaza meza nzima. Nikasogea nyuma yao nikaona. Kila mkunjo dole linapauka kidogo, na kando yake zinajitokeza herufi: a, e, i, o, u, kisha ma, me, mi, kisha nusu ya jina, limefutwa, limeandikwa upya, limepinda. Mkunjo wa mwisho ni jina kamili la yule mama, kwa herufi kubwakubwa, na dole halipo tena.

Nilitoka mbio kumwita shangazi. Akakataa kuinuka. "Mwanangu, nimeshaambiwa hapa hatusomi."

Kwa hiyo waandaaji wasitegemee nyota kwangu. Vingine sikuviangalia sana, ingawa kuna kimoja cha mtu ambaye familia yake ilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, kurasa zake zimekatwa kwa umbo la nyumba, nacho ni kizuri.

Ila nimeanza kwa kusema msiende, na kadiri ninavyoandika naona tukibaki nyumbani tutawaachia wale wenye vitambulisho peke yao. Yule msanii hakutukosea chochote. Nendeni! Wapelekeni mama zenu, bibi zenu, kila mtu aliyewahi kuweka dole. Kitabu chenye jalada la khanga kiko meza ya karibu na dirisha. Ombeni kifunuliwe chote, na mkiambiwa hapa hatusomi, muulizeni msimamizi: aliyewafunulia wageni ni nani? Mimi narudi kabla hayajafungwa, na shangazi nitambembeleza mpaka akubali.