Tuisheni ya vipeuo, Jang'ombe: nimetoa 20,000, sijuti sana

Mimi fundi seremala, narudia hesabu za kidato cha nne baada ya miaka kumi na moja nje ya skuli. Mwezi uliopita nilijiunga na tuisheni moja hapa Jang'ombe, siku tatu kwa wiki baada ya Isha, shilingi 20,000.

Nilikwenda nikijua kipeuo cha pili ni kitufe cha kalkuleta tu, kumbe ni ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata uliyopewa. Siku ya kwanza mwalimu akauliza: mlango wa futi 3 kwa 6, kona kwa kona futi ngapi? Mraba wa 3 ni 9, wa 6 ni 36, jumla 45; kona kwa kona ni kipeuo cha 45, yaani √45. Dogo mmoja akarukia: kipeuo cha 9 ni 3, cha 36 ni 6, jibu 9. Mwalimu hakumwambia kakosea. Akanigeukia, "Fundi, wewe wasemaje?" Nikacheka. Futi 9 ni kuuzunguka mlango, chini kisha ubavuni. Anayekatisha katikati vipi atembee sawa na aliyezunguka? Basi kwenye kujumlisha kipeuo hukitenganishi. Kwenye kuzidisha ruhusa: 45 ni 9 mara 5, ile 9 inatoka nje ikiwa 3, 5 inabaki ndani. 3√5, kama futi 6 na inchi 8 na nusu. Asubuhi nikavuta tepu kona kwa kona kwenye fremu ya mteja ya kipimo hicho hicho iliyokuwa karakana. Imezidi nusu inchi. Haikuwa skwea, yaani kona zake si pembe mraba, na nilishaanza kuipiga msasa!

Milinganyo pia kaifundisha vizuri. √(x + 6) = x: ukizidisha kila upande kwa wenyewe, unapata 3 na −2. "Warudisheni walikotoka," anasema, yaani ziweke tena mahali pa x. 3 inakubali. −2 inakataa, maana kipeuo cha 4 ni 2, si −2.

Lawama yangu ni fankisheni, ile kanuni ya kupata y kwa kila x. y = √(x − 4) kaichora mbiombio, umeme ukakatika, akaaga. Kwa nini grafu inaanzia 4 na kushoto hamna kitu, nimeeleweshwa na yule yule dogo wa 9, kwa tochi ya simu: ukishuka chini ya 4, ndani ya alama panaingia hasi, na hasi haina kipeuo kwenye namba zetu hizi. Feni nayo moja, watu arobaini.

Mwezi huu nimelipa tena. Ukienda kaa mbele, mwandiko wake mdogo kama sisimizi.