Tathmini ya vikumbusho vya dawa kwenye simu kwa watumiaji wazee

Mzee anayemeza dawa kila siku ana maswali mawili ya kujibu: je, saa imefika, na je, nimekwisha kumeza? Swali la kwanza hujibiwa na kengele yoyote. La pili ni zito zaidi, kwa sababu kurudia dozi ya insulini au ya dawa ya kuzuia damu kuganda kunaweza kudhuru kuliko kuichelewesha kidogo, na humsumbua hasa mtu aliyefanya jambo lile lile kwa miaka mingi, hata asubuhi ya leo na ya jana zikafanana kabisa kichwani mwake. Kwa kipimo hicho ninazitathmini zana ambazo nimemsaidia mama yangu kuzitumia.

Kengele ya saa iliyomo kwenye simu ndiyo rahisi kuliko zote. Haihitaji intaneti wala akaunti, na mtumiaji anaweza kuiandikia jina, kama vile “dawa ya presha”. Mlio wake uchaguliwe kwa makini: usikivu wa uzeeni hupungua kwanza kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo mlio mzito humfikia mzee vizuri zaidi. Udhaifu wake ni kwamba ikishazimwa haiachi alama yoyote. Nimemwona mama akiizima kwa mkono uliojaa povu la sabuni, akaendelea kufua, kisha baadaye akasimama na kichupa cha vidonge, akikitikisa karibu na sikio ili akisie kwa mlio kama vimepungua.

Medisafe, programu ya simu ya kukumbusha dawa, imelenga pengo hilo hasa. Ilibuniwa na ndugu wawili baada ya baba yao mwenye kisukari kujidunga insulini kwa mara ya ziada, na asili hiyo inaonekana katika mpangilio wake: skrini huonyesha dawa za siku kwa vipindi vyake, kila kidonge kikiwa na umbo na rangi aliyoichagua mtumiaji, na kilichomezwa huwekewa alama. Hapo mama hutazama tu. Hili peke yake linatosha kunifanya niipendekeze.

Hata hivyo, programu ya namna hii hutuma arifa, na arifa hutegemea ruhusa za simu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia hupunguza kazi za programu ili kuokoa betri, na tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu mpya sharti iombe ruhusa ya kutuma arifa. Mzee aliyeonywa, tena kwa haki, asikubali kila kinachojitokeza kwenye skrini atabonyeza kitufe cha kukataa, na kikumbusho kitakaa kimya bila yeye kujua sababu. Anayemwekea mzee programu hii asiondoke kabla ya kuruhusu arifa, kuiondolea vizuizi vya betri na kungoja angalau kikumbusho kimoja kilie mbele yao wote wawili.

Kwa wenye iPhone, programu ya afya inayokuja na simu imekuwa na sehemu ya dawa tangu mfumo wake wa iOS 16 wa mwaka 2022. Mtumiaji hurekodi kama amemeza au ameruka dozi, na tangu iOS 17 anaweza kuomba akumbushwe tena ikiwa nusu saa imepita bila kurekodi chochote. Ukumbusho huo wa pili naupenda sana, kwa maana humpa nafasi aliyekuwa bafuni au aliyekuwa akiongea na mgeni. Spika janja, yaani spika inayoamriwa na kujibu kwa sauti, humfaa mwenye macho dhaifu, ila ikitamka ukumbusho wakati mzee yuko nje, maneno yamepotea.

Medisafe pia humwezesha mtumiaji kumchagua ndugu au rafiki atakayepewa taarifa dozi ikikosekana. Ni huduma nzuri, lakini iwashwe kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, naye ndiye amtaje wa kupewa taarifa. Mama alimchagua dada yake badala yangu, akieleza kwamba dada humpigia simu kumjulia hali kwanza, ndipo amuulize habari za dawa.