Uzoefu Wangu na Bruda ya Mbao kwa Vifaranga wa Silkie Hapa Mwanza

Bruda (mahali pa kulelea vifaranga kwa joto) ninayoieleza ni sanduku la mbao lenye mfuniko wa wavu na taa mbili za joto, niliyoiagiza kwa fundi seremala wa Nyakato kwa ajili ya vifaranga wa Silkie, aina ya kuku wenye manyoya laini kama pamba, peke yao. Baada ya kulelea humo makundi kadhaa, nathibitisha kwamba imepunguza sana vifo vya majuma mawili ya mwanzo, ingawa ina kasoro ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua mapema.

Silkie hahitaji bruda ya anasa, bali anahitaji bruda kavu. Nyuzi za manyoya yake hazishikani kama za kuku wengine, kwa hiyo hayazuii maji, na kifaranga akilowa hupoteza joto haraka, hujikunyata, huacha kula, na mara nyingi hufa kabla ya kucha. Mwanza si mji wa baridi kali, lakini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa masika upepo wa ziwani hupenya hata kwenye banda unalodhani limezibwa vizuri.

Jambo ninalolisifu zaidi ni kwamba fundi aliziweka taa zote upande mmoja na kuzining'iniza kwa minyororo. Juma la kwanza ninashusha taa hadi joto chini yake lifike nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha ninazipandisha ili joto lipungue kwa takribani nyuzi 3 kila juma. Kwa kuwa upande wa pili hauna taa, vifaranga huchagua wenyewe pa kukaa, nami huwaamini wao kuliko kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wana baridi, na wakikimbilia kona ya mbali huku wakihema midomo wazi, joto limezidi.

Kasoro ya kwanza ni matundu ya hewa, ambayo yalitobolewa karibu na sakafu, usawa wa migongo ya vifaranga, nikalazimika kuyaziba na kutoboa mengine juu. Ya pili ni sakafu ya plaiwudi, ambayo inateleza na inafyonza maji. Kifaranga anayejifunza kutembea juu ya kitu kinachoteleza huweza kutanuka miguu, kwa hiyo ninamwaga maranda makavu ya mbao kwa unene wa kutosha na kuondoa yaliyolowa kila asubuhi, kwa sababu unyevu ndio unaokuza vimelea vya koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu.

Umeme ukikatika, natumia dumu la maji ya moto lililofungwa vizuri na kuviringishwa gunia, nalilaza upande wa taa. Jiko la mkaa silishauri hata kidogo ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu huua vifaranga na inaweza kumuua mfugaji pia.

Vyombo vya maji viwe vyembamba na vyenye kokoto safi ndani, ili kifaranga anywe bila kutumbukia. Chakula ninachowapa ni cha kuanzia, cha vifaranga, bila kuongeza dagaa wa soko la Mwaloni ninaowasaga kwa ajili ya kuku wakubwa, maana mara nyingi huja na mchanga. Kila siku natazama nyuma ya kila kifaranga, na kinyesi kikiwa kimeganda nakilainisha kwa maji ya uvuguvugu, nakiondoa taratibu, kisha namkausha kabisa kabla ya kumrudisha.

Kuwatenga na vifaranga wa aina nyingine si upendeleo. Silkie wengi wenye kishungi kikubwa wana fuvu lililoinuka na lisiloziba vizuri utosini, na mdono mmoja wa mwenzake mwenye nguvu unaweza kuumiza ubongo.

Bruda haizuii kila kitu. Chanjo ya Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, hutolewa siku ya kuanguliwa, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kulipa. Chanjo ya kideri na ya Gumboro, ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya kuku wadogo, panga na mtaalamu wa mifugo wa kata yako. Ukienda kwa fundi, mwambie atoboe matundu ya hewa juu na afanye sakafu iwe ya kuchomoka, ili uweze kuiosha na kuianika juani kabla ya kundi linalofuata.