Kibanda umiza cha Magomeni Mtwara, benchi bovu ila mwenye kibanda anajua

Nimeingia hiki kibanda mara nne sasa, kiko Magomeni hapahapa Mtwara, jina silitaji maana nina la kulalamika. Kiingilio jero, Simba na Yanga buku. Mabenchi yana misumari jamani, suruali yangu ilichanika nyuma nikatoka nimejifunga shati kiunoni, mwenye kibanda anacheka tu eti "pole mdogo wangu, hilo benchi halipendi wageni". Feni moja. Ila nje kuna mama anauza ming'oko ya moto na pilipili, hapo sina neno.

Kinachonirudisha ni huyohuyo mwenye kibanda. Alicheza madaraja ya chini zamani, ligi kuu hakufika, saivi jioni anafundisha watoto bure. Juzi Jumatatu hakuna mpira akatuwekea hoki ya kwenye barafu, marudio ya fainali ya 2022 huko Marekani, Colorado Avalanche na Tampa Bay Lightning. Tuliguna kweli, kile kidude cheusi wanachopiga hata hukioni, unaona watu wanateleza na kubamizana ukutani basi. Akasimama mbele na fimbo, "acheni kidude, angalieni benchi!" Ndo nikaona sabu zinaruka ule ukuta, wengine wanatoka wengine wanaingia, mechi wala haisimami, na mtu dakika moja nyingi keshatoka anahema.

Halafu akagandisha picha kwenye sura ya kocha wa Colorado, Jared Bednar. Eti huyu NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, hajaicheza hata mechi moja, alikuwa beki wa madaraja ya chini, timu ya South Carolina Stingrays, kombe la daraja la tatu akachukua 1997 na 2001 akicheza, 2009 akalichukua tena timu ileile akiwa kocha, 2016 akabeba la daraja la pili ndo akapewa hiyo Colorado. Msimu wa kwanza kashinda mechi 22 kati ya 82, wakashika mkia ligi nzima! Mmoja nyuma akapayuka "huku angefukuzwa mechi ya tano". Mzee akajibu taratibu tu, "wenzenu walimwacha", huku anajikanda goti.

Colorado wakashinda 2-1, mechi ya sita ya fainali maana fainali yao huwa mechi kadhaa, ila kabla kombe halijakabidhiwa umeme ukakata na jenereta haina mafuta. Alirudisha jero ya kila mtu.

Nampa nyota nne. Mkienda kaeni benchi la mbele kushoto.