Paketi ya samaki wa "kuishi pamoja" kwa tangi lenye mimea: uzoefu wangu baada ya miezi nane

Naandika hii kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta sana mtu aliyewahi kuchukua paketi kama hii anieleze, nikakosa, kwa hiyo kama uko njia panda soma kwanza. Duka silitaji. Mfumo wao ni kwamba wewe unasema tangi lako ni la lita ngapi na kama lina mimea, wao wanakuchagulia samaki wa kuishi pamoja, wanakufungia, kazi imeisha. Tangi langu ni la lita 120, chini mchanga, nyuma nimepanda vallisneria, katikati kriptokorini, na anubias nimezifunga kwenye gogo (zile shina lake halifukiwi, ukilifukia linaoza, niliua mbili kabla sijajua). Lilikaa likifanya kazi wiki sita nzima bila samaki hata mmoja, nadondosha tu chakula kidogo kioze humo bakteria wanaovunja uchafu wapate cha kula, napima amonia na nitriti (sumu zinazotokana na huo uchafu) mpaka zote zikasoma sifuri, kwa hiyo upande wa maji sikuwa na wasiwasi kabisa.

Nilichopewa ni neoni tetra kumi, taiga bab watano, enjelfishi wawili wadogo, kori watatu, gurami mmoja na pleko mmoja "wa kusafisha tangi". Nikamuuliza muuzaji, kaka una uhakika hawa hawatasumbuana? Akanijibu huku anafunga mfuko, "Dada, si unawaona wote wako tangi moja hapa? Wameshazoeana." Na kweli walikuwa tangi moja. Siku ile jibu likanitosha, leo nikilikumbuka nacheka mwenyewe, maana dukani samaki wanakaa siku chache tu halafu wanauzwa, wote bado wachanga, hakuna aliyefikia saizi ya kummeza mwenzake.

Nianze na mazuri nisije nikaonekana nina chuki. Ufungaji ulikuwa safi, mifuko ina hewa ya kutosha, walifika wazima wote na hakuna aliyekufa wiki ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyetoka vidoa vyeupe, ule ugonjwa wa kama chumvi mwilini, na hiyo kwa kweli ni bahati kwa sababu sikuwatenga pembeni kwanza, niliwamwaga humo humo siku hiyo hiyo. Msiige.

Sasa balaa. Wa kwanza kuanza ni wale taiga bab, watoto hapa nyumbani wakawa wanawaita mababu, ila busara ya mababu hawana hata chembe. Gurami ana zile nyuzi mbili ndefu tumboni anazopapasia vitu mbele yake, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Basi mababu wakiona ule uzi unacheza wanakuja mbio mmoja baada ya mwingine wanadonoa. Wiki ya pili uzi mmoja ulikuwa umebaki nusu, mkia umechanika kama kitambaa, na jamaa mwenyewe kajibanza nyuma ya filta mapezi kayakunja, chakula kinapita mbele ya mdomo wake hagusi. Kwenye vidonda ukaota utando mweupe kama pamba na mwezi haukuisha akafa. Baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba hawa samaki wanaishi kwa kundi, wakiwa nane kumi hivi wanashindana wao kwa wao na fujo zinapungua, ukiwaweka watano wanatafuta wa kuonea nje ya kundi, na hata wakiwa wengi bado hawafai kukaa na samaki wa mapezi marefu. Sasa ndani ya paketi moja wamewekwa wao, gurami, na enjelfishi! Yaani huyo aliyepanga sijui alikuwa anafikiria nini.

Enjelfishi ndio walioniuma zaidi kwa sababu niliwapenda. Walikuja wadogo kama kifuniko cha soda, wanaelea katikati ya vallisneria utadhani wamechorwa. Mwezi wa tano mwili tu bila mapezi ulishakaribia kiganja changu. Neoni wakaanza kupungua, nikahesabu tisa, nikasema labda mmoja yuko kwenye majani, nikahesabu saba, nikasema labda wanakufa na mizoga inaliwa, nikapima maji tena, maji safi. Asubuhi moja nikawasha taa mapema kuliko kawaida, nikamkuta enjelfishi mkubwa kasimama katikati ya tangi, ametulia, na mdomoni kunachungulia kipande cha mkia chenye wekundu. Akakimeza hivi hivi nikimwangalia. Wala simlaumu, neoni mtu mzima ana sentimita tatu nne tu na mwembamba, kwa enjelfishi aliyekua hicho ni chakula. Watu wanakwambia hawa wote ni wa mito ya Amerika Kusini kwa hiyo wanafaa pamoja, sawa, hata swala na simba wanakunywa mto mmoja.

Pleko sitasema mengi. Ni ile aina ya kawaida inayofika sentimita 30 na zaidi, kwenye lita 120, hebu fikiria. Kila usiku anang'oa kriptokorini, na uchafu anaouacha ni mwingi kuliko huo anaousafisha. Duka walikubali kumchukua huyo, mababu nikampa mtu mwenye tangi lao peke yao, enjelfishi duka wakakataa.

Awamu ya pili nilichagua mwenyewe, na kitu kilichonisaidia ni kuacha kuangalia samaki alivyo leo kwenye kioo cha duka, nikawa nauliza akikua anafika saizi gani, mdomo wake utapitisha nani, anataka wenzake wangapi, anakaa juu, katikati au chini, na maji yake yakoje. Langu liko nyuzi joto 24 au 25, maji laini (yenye madini machache), pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kama 6.8, ndiyo maana hata wale samaki wadogo wanaoitwa gapi niliwaacha ingawa moyo ulitaka, wao wanafurahia maji magumu zaidi (na jike mmoja anaweza kuja na mimba akakujazia tangi hata kama hujamnunulia dume). Zile sikilidi, samaki wa rangi kali wa Ziwa Nyasa, nazo hapana, zinataka maji magumu yenye alkali, zina ubabe wa eneo na zinafukua mchanga mpaka mimea inaelea.

Nikaongeza neoni wakafika kumi na wawili, rasbora halekwini wanane, gurami asali wawili ambao ni wapole na hawakui sana, na kori nikawafikisha sita. Hapo kwa kori ndipo nilipoona maajabu. Wale watatu miezi yote walikuwa wamejificha nyuma ya gogo nikajua ndivyo walivyo, kumbe walikuwa waoga kwa uchache wao, walivyokuwa sita tu wakatoka wote, wanatembea mstari mmoja wanachimbua mchanga kwa zile sharubu zao kama watu wanaotafuta pete iliyopotea. Mara mmoja anachomoka mbio hadi juu anagonga uso wa maji anarudi chini, mwanzo nilidhani anakufa kwa kukosa hewa, hapana, kori wanavuta hewa ya juu hivyo, ni kawaida, wasiwasi uanze wakifanya wote kila dakika. Mwisho kabisa otosinklasi wanne wa kula mwani, hao usiwaweke tangi likiwa jipya, hakuna mwani wa kutosha na wanakufa njaa tumbo likiwa limebonyea ndani.

Maksi zangu kwa paketi: ufungaji tano kati ya tano, afya ya samaki nne, uchaguzi wa samaki moja, na hiyo moja ni ya kori tu na wenyewe waliletwa pungufu. Kama duka lingeuza mifuko na afya peke yake ningerudi kesho.

Miezi mitatu sasa sijapoteza hata mmoja. Wiki iliyopita rasbora wawili walijigeuza tumbo juu chini ya jani la kriptokorini wakabandika mayai, hadi jioni wenzao walikuwa wameyala yote, sawa tu. Enjelfishi mmoja nilimpatia mwenyeji, huyu mkubwa bado yupo kwenye tangi la akiba pembeni ya hili, nasubiri mtu mwenye tangi refu kwenda juu amchukue, na kila nikiwalisha neoni anakuja kusimama kwenye kioo cha upande ule, ametulia vile vile, anawahesabu.