Mfungaji wa pili: kijana au mkongwe?

Mfungaji mkuu wa timu yetu ya kikapu akibanwa na walinzi wawili, mpira umwendee nani? Mkongwe ana mkono uliotulia. Mstari wa pointi tatu, mita 6.75, haumtishi. Ila robo ya nne ikifika, miguu imekwisha.

Kijana ana miaka 19. Jumamosi, baridi ya Julai ikiwa bado imeikalia Mbeya, nilimwona akipokea mpira kwenye kona, akamhadaa mlinzi kwa bega, hatua mbili, akaugusisha ubaoni, ukaingia. Sijaona wepesi kama ule hapa kwetu! Mkono wa kushoto bado mzito, na husahau kwamba shambulizi lina sekunde 24 tu, lakini hayo yanafundishika. Mimi ningemwanzisha yeye, mkongwe aingie dakika tano za mwisho, miguu ikiwa haijachoka.