Safina ya mbao kwa wajukuu

Katika vitu vyote nilivyowanunulia wajukuu wangu wawili, wenye miaka 3 na 5, hakuna kilichotukusanya mkekani baada ya sala ya jioni kama safina ya Nuhu ya mbao, ambayo wanyama wake wamepigwa msasa vizuri hata hakuna kibanzi cha kumchoma mtoto kidole. Mdogo huwapanga twiga mlangoni, wawili wawili, huku nikisoma Mwanzo sura ya 7 katika Biblia ya tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo Kiswahili chake ni kizito kwa umri wao lakini wanapenda kukirudia. Kitabu cha picha nilichonunua pamoja na safina hiyo kilinisikitisha, kwani kurasa zilichomoka ndani ya wiki mbili. Tafuteni chenye kurasa za kadibodi ngumu.